Longonot, Meru au Lengai: volkeno ipi kwa anayepanda peke yake?

Kila nikirudi kutoka mlimani na shanta langu mgongoni, mama haniulizi kama nilifika kileleni. Anauliza, "Ulikuwa na nani?" Jibu langu halibadiliki: peke yangu, mama. Lakini nimekuja kugundua kwamba neno hilo lina maana tatu. Longonot nilikuwa peke yangu kweli kweli, hadi nikaanza kuongea na punda milia. Meru nilikuwa peke yangu pamoja na askari mwenye bunduki na Wajerumani wanne. Ol Doinyo Lengai nilikuwa peke yangu na kijana wa Kimasai ambaye usiku kucha niliona visigino vyake tu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu wa aina yangu: huna kundi, hujalipia kampuni ya utalii, una shanta, likizo ya siku chache na mfuko usio na kina. Watu wengi hulinganisha milima kwa urefu. Longonot ina mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, Lengai 2,962, Meru 4,566. Ukizifuata namba hizo utadhani Lengai ni Longonot iliyoongezewa mita mia mbili hivi. Kuna mtu aliniambia hivyo nikamwamini, nikaja kulipa kwa magoti.

Ushauri wangu nautoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nao. Kama hujawahi kupanda popote, anza na Longonot. Kama una siku nne na uwezo wa kulipia mlima mmoja tu, nenda Meru. Lengai iache mpaka ujue miguu yako inakuwaje saa kumi alfajiri baada ya usiku usio na usingizi.

Nani atakuwa nawe

Longonot iko Kenya, ndani ya Bonde la Ufa, safari fupi kutoka Nairobi. Ni hifadhi ndogo ya taifa tangu 1983, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Getini unajiandikisha, unaonyesha risiti, unaanza kutembea, na hakuna anayekulazimisha kuwa na mwongozaji. Kilomita 3.1 za kwanza zinakufikisha kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la juu ya volkeno. Hapo unakuta njia ya kilomita 7.2 inayozunguka ukingo wote na kukurudisha pale pale ulipoanzia. Jumla, kutoka getini hadi getini, ni kama kilomita 13 na nusu.

Nilikwenda Jumanne. Jumamosi, nasikia na baadaye nilishuhudia, ni kama soko: wanafunzi, vijana wa kanisa, wafanyakazi wa ofisi moja wenye fulana za rangi moja. Jumanne ile nilikutana ukingoni na watu watatu tu, wote wakizunguka kinyume na mimi. Tukasalimiana, tukapishana, nikabaki nasikia pumzi zangu na upepo.

Uhuru huo una bei yake. Njia ya ukingoni imechimbwa na mvua ikawa mifereji myembamba, mahali pengine ya kina cha kiuno, na vumbi lake linateleza kama unga uliomwagika sakafuni. Ukiteguka kifundo cha mguu upande wa mbali wa kreta, utakaa hapo hadi atokee mtu. Kwa hiyo mwambie aliye getini unatarajia kurudi saa ngapi, na usimalize chaji ya simu kwa kupiga picha. Mimi niliimaliza. Hakukutokea baya lolote, ila kilomita tatu za mwisho za ukingo nilizitembea kwa adabu kubwa.

Meru, iliyo Tanzania, hairuhusiwi kupanda peke yako, basi. Njia inapita katikati ya malisho ya nyati na tembo wa Hifadhi ya Taifa Arusha, kwa hiyo wapandaji huongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na aliyekuja bila kundi huunganishwa na wengine wanaoanza siku hiyo. Mwanzoni nilijisikia kama mtoto anayepelekwa shule kwa kushikwa mkono. Tulichukua njia ndefu, ile inayopita chini ya mkuyu mkubwa uliojipinda ukawa tao ambalo hata gari linaweza kupita. Mbele kidogo ya hapo askari akanyanyua mkono, sote tukasimama. Nyati dume, hatua kama hamsini, anatutazama kwa macho ya mtu anayedai deni. "Huyu anayetembea peke yake," askari akaninong'oneza, "ndiye mbaya kuliko kundi zima." Alipowatafsiria Wajerumani, wote wanne waligeuka kunitazama mimi.

Baada ya hapo sikulalamika tena juu ya bunduki.

Kuna jambo jingine la Meru ambalo mwanamke anayesafiri peke yake atalipenda. Usiku hulali kwenye hema porini, unalala kwenye vibanda vya mbao vyenye vyumba na vitanda vya ghorofa: Miriakamba, mita 2,514, kisha Saddle, mita 3,570. Kuna ukumbi wa kulia ambako wapandaji wote hukutana, wapagazi wanachemsha maji, mtu anauliza umetoka wapi. Kufikia siku ya pili nilikuwa nimeshafundishwa kucheza karata ambayo hadi leo sijui inaitwaje, na nilikuwa nimeshafundisha watu wanne kusema "pole pole" bila kuifanya isikike kama amri ya jeshi.

Lengai, nayo ya Tanzania, iko katikati ya hizo mbili. Kijiji cha kuanzia ni Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Mwongozaji unampata hapo hapo kijijini, na usithubutu kumkwepa: juu hakuna kibanda, hakuna maji, hakuna alama za njia za kutegemea, na unapanda gizani. Jioni kabla ya kuondoka, mzee mmoja alinisalimu, "Takwenya." Nikajibu "Iko," kama nilivyofundishwa Arusha. Akafurahi, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kama nakwenda kuomba mtoto. Haukuwa utani. Jina la mlima huo maana yake ni Mlima wa Mungu. Kwa Wamasai ni makao ya Engai, na kuna wanaokwenda kuomba mvua, na kuna wanaokwenda kuomba uzazi. Nikamwambia naenda kutazama tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, tazama vizuri."

Miguu itasema nini

Longonot ina kipande kimoja kikali kabla ya kufika ukingoni, ngazi na vumbi, na kingine unapopanda Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya ukingo. Saa nne hadi tano zinatosha kwa mtu wa kawaida anayepumzika. Tatizo lake ni jua. Ukingoni hakuna kivuli cha maana, na mimi nilibeba lita moja na nusu ya maji kama mtu anayekwenda posta. Beba tatu.

Meru ni ndefu lakini ina heshima, inakupandisha kidogo kidogo. Siku ya kwanza ni msitu, mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya kichwa chako. Siku ya pili ni ngazi nyingi kupita kiasi hadi Saddle, na mchana ukiwa bado na nguvu unapanda Meru Ndogo, mita 3,820, mwili uizoee hewa. Usifanye uvivu hapo. Aliyebaki kibandani kulala ndiye aliyeumwa kichwa na kutapika usiku wa kilele, na nilimshuhudia.

Usiku wenyewe mnaamka kama saa saba, mnakunywa chai, mnaondoka. Kuna mahali unapita kwenye mwamba ukishika mnyororo, na baada ya hapo njia inafuata ukingo wa kreta kwa muda mrefu, kushoto giza na kulia giza. Askari wetu alisema giza ni rafiki wa waoga. Nilimwelewa tuliporudi mchana. Kulipopambazuka, Kilimanjaro ilikuwa inaelea juu ya mawingu upande wa mashariki, na chini yetu, ndani ya kreta, ile koni ya majivu ilikuwa imekaa kama chungu kilichopinduliwa. Kileleni kuna kibao: Kilele cha Ujamaa. Nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimefika hapo kwa biskuti za kuombaomba, ujamaa mtupu.

Sasa Lengai.

Tuliondoka saa tano usiku, kwa sababu mchana joto la bonde lile halipandiki. Saa ya kwanza ni nyasi na njia ya wazi, nikadhani waliokuwa wakinitisha wametia chumvi. Kisha nyasi zikaisha, ukaanza mteremko wa majivu yaliyoganda nusu. Unakanyaga hatua moja, unarudi nusu. Juu zaidi majivu yanakuwa magumu kama saruji mbovu, yenye mifereji, na mwinuko unakuwa mkali kiasi kwamba mikono inaanza kutumika bila wewe kuamua. Hakuna kona za kukupumzisha. Njia inakwenda juu moja kwa moja, zaidi ya mita 1,500 za kupanda kwa usiku mmoja. Mwongozaji wangu alikuwa amevaa kandambili za matairi. Kila baada ya muda alisimama, akanimulika usoni kwa tochi, akauliza, "Dada, tumbo?" Hakuuliza miguu. Baadaye alinieleza kwamba mtu akianza kusikia kichefuchefu ndipo anapoanza kukanyaga ovyo, na ovyo kule ni hatari.

Kama saa kumi harufu ya kiberiti ikaanza kuja na upepo. Kama saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa juu. Nilikaa chini mita kadhaa kutoka kwenye ukingo wa kreta na sikusogea zaidi hadi kulipokuwa kweupe kabisa. Ukingo hauna kizuizi chochote na udongo wake unamong'onyoka. Usimruhusu mtu akusogeze kwa ajili ya picha.

Waswahili husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sijui aliyesema alipanda mlima gani, lakini kwa Lengai kasema kweli tupu. Usiku ulikuwa umenificha mteremko. Asubuhi nilipogeuka na kuona nilikotoka, nilikaa kitako na kwa sehemu kubwa ya saa mbili sikuinuka. Nilishuka kwa makalio, kwa viganja, kwa upande. Suruali haikufika chini ikiwa nzima. Jua likapanda haraka, maji yakabaki nusu lita, na magoti yaliendelea kutetemeka hata nilipokuwa nimekaa kwenye pikipiki. Wale vijana wenye nguvu wanaosema Lengai ni ya siku moja wanasema kweli, ila hawasemi kuhusu siku tatu zinazofuata, ambapo ngazi za nyumbani unazishuka kinyumenyume.

Volkeno yenyewe

Kama unachotaka ni kuona ardhi ikiwa bado inafanya kazi, Lengai haina mpinzani kati ya hizi tatu. Lava yake ni ya aina ya peke yake: haijulikani volkeno nyingine iliyotoa lava ya namna hiyo katika nyakati ambazo binadamu ameandika habari zake. Mahali pa silika (madini ya mchanga) nyingi kama lava za kawaida, hii imejaa kaboneti za sodiamu na kalsiamu. Ina joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 za selsiasi, kama nusu tu ya lava nyingine, kwa hiyo haing'ai nyekundu mchana. Ni nyeusi kama oili chafu na inatiririka nyepesi vile vile. Ikikutana na unyevunyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi, na ndiyo maana mgeni akiona kilele kwa mbali hudhani ni theluji.

Nikamweleza mama hivyo, akaniambia, "Basi ni magadi hayo." Na hakukosea sana. Ni ndugu wa yale magadi ya Ziwa Natron yanayotiwa kwenye chungu cha maharage. Moja ya madini makuu ya lava hiyo linaitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Ukiunganisha na Kilele cha Ujamaa kule Meru, utaona Mwalimu ametangulia kwenye milima yote miwili ya kwetu.

Lakini usiidharau kwa sababu lava yake ni ya upole. Septemba 2007, baada ya wiki za matetemeko, Lengai ililipuka kwa kishindo na kurusha majivu kwa miezi hadi 2008, na kreta yote ikabadilika sura. Kabla ya kwenda, waulize wanakijiji, si mitandao, mlima una hali gani wiki hiyo.

Meru kwa upande huu ni ukumbusho zaidi kuliko tukio. Mara ya mwisho kutoa kitu ni 1910, na kidogo tu. Kinachokushangaza ni kile kilichokosekana: upande wa mashariki wa mlima ulianguka wote maelfu ya miaka iliyopita, na matope yake yakaacha vilima na maziwa ya Momella. Ukuta wa kreta uliobaki una kimo cha karibu mita 1,500, na unautazama siku nne mfululizo bila kuuzoea. Longonot imelala, ndani ya kreta yake kuna msitu mzito, na mahali pengine ukutani mvuke bado unafuka. Jina lake ni la Kimasai pia, likitaja migongo mingi ya mlima huo, na ukiizunguka utaihesabu kwa mapaja.

Wengi huniuliza kwa nini Nyiragongo, volkeno ya mashariki mwa Kongo, haimo, na wao wanajua nilivyoitamani. Ziwa lake la lava ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za volkeno. Ila lava hiyo hiyo ilipita katikati ya mji wa Goma tarehe 17 Januari 2002, ikafika tena pembezoni mwa mji Mei 2021, na Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Siwezi kumwelekeza mtu wa peke yake huko kwa sasa.

Pesa, na ujanja wa asiye na kundi

Viwango hubadilika, kwa hiyo tazama vya wakati huo. Kisichobadilika ni kwamba raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa mbali, mradi awe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Picha ya kitambulisho kwenye simu inaweza kukuanzishia mjadala mrefu getini. Na usitegemee pesa taslimu: hifadhi za Kenya hulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, na za Tanzania kwa namba ya malipo au kadi.

Longonot haina adhabu kwa asiye na kundi. Nauli, kiingilio, maji, basi. Kutoka Nairobi panda matatu inayoshuka bondeni kupitia Mai Mahiu, si ile ya barabara ya juu, maana ya juu itakupeleka Naivasha na kukurudisha nyuma. Ukishuka kituo cha Longonot, bodaboda wanakufikisha getini. Njiani, ukiteremka bondeni, utapita kanisa dogo sana lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili; nililiona dirishani mara mbili na bado sijashuka.

Meru ndiyo ghali kuliko zote, hata kwa mwenyeji, kwa sababu unalipia kila siku: kiingilio, kibanda, askari, uokoaji, na mpagazi kama una busara. Nilichukua mpagazi mmoja, akawa ndiye mpishi pia, tukakubaliana chakula kabla. Gari za kwenda Ngare Nanyuki hupita ndani ya hifadhi, kwa hiyo hukodi teksi kutoka Arusha.

Lengai ndiko anakoumia asiye na kundi. Kiingilio si kikubwa, ila gari la kukodi kutoka Arusha ni bei ile ile mkiwa mmoja au sita. Mimi nilipanda basi la Loliondo linalopita Mto wa Mbu na Engaruka, nikashuka Engare Sero nimekuwa rangi ya barabara, kisha pikipiki ikanipeleka mguuni pa mlima usiku na kunifuata asubuhi. Njiani kuna vizuizi vya ushuru. Omba risiti kila kimoja, usitupe hata moja. Mwongozaji mlipe nusu kabla na nusu mkirudi, na mkubaliane wazi kwamba ukichoka mnageuka na malipo ni yale yale. Vinginevyo atakusukuma, na wewe utajisukuma.

Lini, na nini shantani

Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Wakati wa masika, Longonot inakuwa utelezi na Lengai ni kujitafutia balaa. Meru watu hupanda hata mvuani, wanarudi wakisema walipanda ukungu. Tochi ya kichwani yenye betri za akiba kwa Meru na Lengai. Koti zito na glavu kwa Meru, kuna baridi ya kugandisha maji ya chupa. Glavu kwa Lengai pia, lakini si za baridi: za fundi ujenzi, za kulinda viganja. Nilikuta zinauzwa duka la vifaa Mto wa Mbu wakati narudi, viganja vikiwa vimeshafungwa bandeji.

Na viatu. Vile vile vilivyozunguka Longonot bila mkwaruzo na kupanda Meru siku nne, Lengai ilivipasua kwa usiku mmoja, gundi imeachia, ngozi imekauka na kuwa nyeupe. Nilivipeleka kwa fundi wangu wa viatu Arusha, anayekaa karibu na stendi. Akavigeuza, akapuliza vumbi, akalionja kidogo kwa ncha ya ulimi. "Dada," akasema, "umetembea kwenye magadi?"